Penseli au kalamu: mtoto wa kiongozi tumpime kwa kipi?

Karani Mstaafu

Wakuu, habari za wakati huu.

Naomba nianze na kisa, swali litakuja nyuma yake. Kwa miaka 11 kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu kwenye usaili wa ajira. Sikuwa mjumbe wa jopo wala sikuwa na alama ya kumpa mtu. Nilikaa pembeni na daftari langu, nikagawa fomu, nikazikusanya, nikajumlisha, mwenyekiti akasaini. Basi.

Siku moja tulikuwa na waombaji saba wa nafasi moja. Wanne wa kwanza walipita kama kawaida. Kabla ya wa tano kuingia, mwenyekiti akanigeukia: "Karani, hebu tutafutie penseli." Nikadhani kalamu yake imeisha wino. Kumbe anataka za jopo zima, penseli tano. Nikaenda kuziazima ofisi ya jirani, mbili hazikuwa hata na ncha, nikasimama pale nazichonga kwa wembe. Nilipozigawa, wajumbe wakapokea na hakuna aliyeuliza kitu. Nikagundua humo ndani mgeni wa jambo lile nilikuwa mimi peke yangu.

Akaingia kijana mwenye jina la ukoo ambalo hata mtoto wa shule ya msingi analijua. Swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa: "Mzee hajambo?" Akajibu hajambo. Watu wakacheka kidogo, usaili ukaanza.

Sasa sikilizeni sehemu inayonisumbua mpaka leo. Yule kijana alijibu vizuri. Sisemi vizuri ya kubebwa, nasema vizuri kweli. Alipewa hesabu ya bajeti, akaomba karatasi, akaipiga mbele yetu, akakosea mahali, akajishtukia mwenyewe kabla hajaambiwa na kurekebisha. Kwa macho yangu, katika wale saba alikuwa wa kwanza au wa pili. Aliyeshindana naye kwa karibu ni dada mmoja aliyeingia wa tatu, vyeti vyake kavifunga kwa mpira wa bendi. Alipoingia wa sita, tukarudi kwenye kalamu.

Kijana akapata kazi. Fomu zake mwenyekiti alizichukua mkononi hazijapita kwangu, kesho yake zikarudi zimejazwa kwa wino.

Ndiyo maana mijadala yetu kila anapoteuliwa mtoto wa mkubwa huwa inanichosha. Upande mmoja unamwaga wasifu: shahada ya wapi, uzamili wa wapi, lugha ngapi. Upande wa pili unajibu kwa neno moja, "ni mtoto wa fulani". Wote wanaongea pembeni ya jambo lenyewe. Watoto wa viongozi wengi wana vyeti halali, tena vizuri. Wasiwe navyo kwa nini, wakati ada haijawahi kuwa tatizo nyumbani kwao? Bashar al-Assad alikuwa daktari wa macho, na London alikwenda kuongeza ujuzi huo huo wa macho. Hakuna aliyesema cheti chake ni cha kughushi. Lakini baba yake, Rais Hafez al-Assad, alipofariki Juni 2000, Katiba ya Syria ilidai rais awe na miaka 40, kijana ana 34. Siku hiyo hiyo Bunge likaishusha ikawa 34. Kosa halikuwa kwenye cheti chake, kwa sababu kilichoandikwa kwa penseli hapo ni Katiba.

Swali langu basi: kuna njia gani ya kujua kwamba mtoto wa kiongozi amefika alipo kwa uwezo wake? Njia ambayo hata yeye mwenyewe akiitumia atalala usingizi. Nawasilisha.

---

Mvukuto

Mleta mada umeandika kwa ustaarabu, nami nitajibu kwa ustaarabu. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mtoto wa daktari akiwa daktari tunampigia makofi. Mtoto wa mwanajeshi akiingia jeshini tunasema damu. Mtoto wa mwanasiasa akigombea tu, ghafla tunaanza kutafuta penseli.

Nyumba ya kiongozi ni shule. Mtoto anakua anasikia mambo ambayo wewe na mimi tunayasoma gazetini baada ya wiki. Lee Hsien Loong wa Singapore, mtoto wa waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo, alisoma hisabati Cambridge na akaongoza darasa lake. Akapanda jeshini mpaka brigedia jenerali, akaingia bungeni 1984, na uwaziri mkuu hakuupata mpaka 2004. Nani atasema yule alibebwa? Hapa kwetu Dk. Hussein Mwinyi ni daktari wa binadamu, aliingia bungeni mwaka 2000, akakaa uwaziri miaka mingi, na urais wa Zanzibar ameupata 2020, miaka 25 baada ya baba yake kutoka Ikulu ya Muungano. Huo si urithi wa usiku mmoja.

Na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mtoto wa chifu. Tungesema hivyo hivyo mwaka 1954?

---

Bado Naomba

Mimi nimefanya usaili mara tisa. Nikipewa hata penseli nitashukuru.

---

Karani Mstaafu

@Bado Naomba umenichekesha halafu umeniumiza. Usikate tamaa kijana wangu.

@Mvukuto, hoja ya daktari ni nzuri ila umeiachia njiani. Mtoto wa daktari anasahihishiwa mtihani na mtu asiyejua baba yake ni nani, na hata akijua, hana sababu ya kumwogopa. Akifeli anatomia amefeli. Baba anaweza kumnunulia vitabu vyote na bado mtoto akarudi nyumbani bila cheti. Kwenye siasa anayesahihisha mara nyingi ni mtu ambaye mkate wake uko mikononi mwa baba wa mtahiniwa. Ile methali nayo isome mpaka mwisho: mwana wa mhunzi huanza kwa kuvukuta. Anakaa kwenye moto na moshi, anatumwa mkaa, anapigwa kelele na mafundi wengine. Hakabidhiwi karakana kwa sababu tu jina liko mlangoni.

Kuhusu Lee: ni kweli mtu ana kichwa, hilo halina ubishi. Tena alisubiri miaka 14 akiwa naibu waziri mkuu, huku Goh Chok Tong akiwa waziri mkuu. Lakini miaka yote hiyo 14 baba yake alikuwa ndani ya baraza hilo hilo la mawaziri, akiitwa Waziri Mwandamizi. Sasa fikiria wewe ndiye Goh. Asubuhi unataka kumwambia naibu wako kazi hii umeiharibu, na baba yake kakaa viti viwili kutoka kwako. Huenda angesema. Mimi nimeona wanaume watano wazima wakishindwa kukataa penseli.

Na Mwalimu, ndiyo, mtoto wa chifu Burito. Wakoloni wenyewe shule ya Tabora waliianzisha wakiwa na watoto wa machifu kichwani. Lakini chama kilichompa Mwalimu jukwaa hakikuwa cha baba yake. Uchifu ulimfikisha darasani. Pale TANU alipambana na watu ambao uchifu wa Wazanaki haukuwa na uzito wowote kwao.

---

Kifungu kwa Kifungu

Tuanzie kwenye sheria, maana watu wanasema "sifa" kama vile zimeandikwa mahali.

Kwa Tanzania, ibara ya 67 ya Katiba inataka mbunge awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Ondoa yale ya waliofungwa na wenye maradhi ya akili, sifa zenyewe ndizo hizo. Urais, ibara ya 39, inaongeza kuwa raia wa kuzaliwa na miaka 40. Hakuna shahada. Kwa hiyo mnapogombana kuhusu uzamili wa mtoto wa fulani mnagombania kitu ambacho sheria haikukiomba. Mlango halisi uko kwenye yale maneno ya mwisho: "aliyependekezwa na chama". Pale ndipo jina la ukoo linapofanya kazi, na pale hakuna fomu ya alama, si ya wino si ya penseli.

Kuna nchi zilizojaribu kuandika katazo. Katiba ya Ufilipino ya 1987 inasema dola itazuia nasaba za kisiasa "kama zitakavyofafanuliwa na sheria". Sheria ya kuzifafanua inatakiwa itungwe na Bunge. Bunge limejaa hizo familia. Kinyozi hajinyoi! Mpaka 2022, miaka 35 baadaye, nasaba zilizozuiwa wazi na sheria ya nchi zilikuwa za mabaraza ya vijana tu, tangu 2016. Yaani marufuku wamewekewa watoto, wakubwa wakajisamehe. Ferdinand Marcos Mdogo, mtoto wa rais wa zamani, alishinda urais hapo 2022 kwa kura zaidi ya milioni 31. Mabishano kuhusu Oxford yalikuwa yamesikika miaka: chuo chenyewe kilishasema hakumaliza shahada, alipewa stashahada maalumu ya masomo ya jamii. Wapiga kura walisikia na wakampa.

Marekani walitunga sheria ya 1967 baada ya John Kennedy kumteua mdogo wake Robert kuwa Mwanasheria Mkuu akiwa na miaka 35. Sheria inamkataza mwenye mamlaka kumwajiri ndugu kwenye ofisi anayoiongoza. Ilipofika 2017 wanasheria wa serikali wakatoa maoni kwamba haiwagusi wasaidizi ndani ya Ikulu, na mkwe wa Trump akaingia. Sheria ya undugu huwa na tundu la ukubwa wa ndugu anayehusika.

---

Binti Diwani

Mzee Karani, shikamoo. Huwa nasoma tu humu na kupita, leo nimeshindwa.

Mimi ni mtoto wa kiongozi. Si wa gazetini, baba alikuwa diwani tu, lakini kwa vipindi vitatu, na kwa mtoto diwani ni mkubwa kuliko rais kwa sababu yeye ndiye unayemwona watu wakimsimamia. Nataka niwaambie kinachorithiwa ni nini, maana mnaongea kama vile tunarithi kiti.

Baba alikuwa na daftari la jalada gumu jeusi, kona zake zimeliwa mpaka mbao ya ndani inaonekana. Kila mtu kata nzima alikuwa na mistari yake humo. Nani anauguza. Mtoto wa nani kafaulu na wa nani karudia. Nani na nani hawasalimiani na kisa chake. Nani aliahidiwa nini, tarehe, na je imetimizwa. Zilizotimizwa alizipiga alama ya vema kwa wino mwekundu. Jioni alikuwa ananisomea na mimi naandika, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Nikiwa na miaka 14 nilikuwa najua siri za kata kuliko mtendaji.

Alipofariki, wazee wa chama walikuja nyumbani siku ya nne. Hakuna aliyeniuliza nimesoma wapi. Waliniuliza: "Lile daftari la mzee liko wapi?" Nikalileta. Mmoja akalifungua, akashindwa kusoma mwandiko kwa sababu nusu yake ulikuwa wangu na vifupisho vyangu. Akalifunga akanirudishia. "Basi mama, gombea wewe."

Pembeni kakaa katibu wa kampeni wa baba. Miaka 15 alitembea naye kwa miguu, vitongoji vyote. Vile vifupisho vyangu yeye alikuwa havihitaji, daftari zima lilikuwa kichwani kwake. Hakuna aliyemtazama. Nilimtazama mimi, na yeye akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Niligombea, nikashinda. Kikao cha kwanza alikaa nyuma yangu akawa ananinong'oneza. "Usikubali hiyo." "Omba muhtasari wa robo iliyopita." "Sasa kaa." Nilikuwa diwani wa kawaida, sitajisifu. Sikuiba, sikung'ara. Nilikaa kipindi kimoja nikatoka kwa hiari yangu.

Kwa hiyo @Mvukuto, mwana wa mhunzi ni kweli. Ila kwetu aliyevukuta alikuwa mwingine.

---

Mvukuto

Dada, hapo kwenye kamba ya kiatu nimenyamaza. Nauliza tu, huyo katibu aliwahi kugombea mwenyewe?

---

Binti Diwani

Aligombea, nilipotoka mimi. Nilimkabidhi daftari mkononi. Akashindwa kwenye kura za maoni kwa kura chache sana. Uchaguzi uliofuata akaambiwa asubiri, yeye ameshajaribu.

---

Karani Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hilo neno "ameshajaribu" limenipa jibu nililokuwa nalitafuta tangu jana, tena halikuwa pale nilipokuwa natazama.

Nilikuwa najiuliza je, mtoto huyu aliwahi kuambiwa hapana? Nikasema hicho ndicho kipimo. Kama kuna mahali mlango ulifungwa usoni kwake, akasimama nje na jina lake lote, basi aliyoyapata baadaye yana uzito. Nikamchukua Uhuru Kenyatta kama mfano wangu mzuri. Mwaka 1997 aligombea Gatundu Kusini, ardhi ile ile baba yake aliyoiwakilisha bungeni, na watu wakamkataa, wakampa Moses Mwihia. Wino mtupu huo. Nikataka kuishia hapo.

Lakini endelea kusoma. 2001 Rais Moi akamteua kuwa mbunge bila kupigiwa kura, akamfanya waziri. 2002 akawa mgombea urais wa KANU. Akaanguka tena mbele ya Kibaki, na kwa haki yake, alikubali matokeo kistaarabu. 2013 akashinda. Hesabu mwenyewe: hapana ya jimbo, hapana ya nchi nzima, halafu ndiyo. Gideon, mtoto wa Moi, naye aliangushwa Baringo ya Kati 2007, akarudi 2013 kama seneta. Katibu wa baba yako alipewa hapana moja, tena ya kura chache, akaambiwa ameshajaribu.

Kumbe kinachorithiwa si kushinda. Ni ruhusa ya kushindwa na kurudi. Mtoto wa mkubwa anaweza kuanguka mara tatu na kila mara akaitwa "mzoefu". Wa kwetu akianguka mara moja anaitwa "aliyekataliwa na wananchi".

Mfano mbaya zaidi ninaoujua ni wa Senegal. Machi 2009 Karim Wade aligombea udiwani mjini Dakar na orodha yake ikaangushwa. Hilo ni jibu la wananchi, halina utata. Mei mwaka ule ule, baba yake, Rais Abdoulaye Wade, akampa wizara iliyobeba ushirikiano wa kimataifa, mipango ya maeneo, usafiri wa anga na miundombinu. Baadaye ikaongezwa nishati. Watu wakamwita waziri wa mbingu na ardhi. Aliyekataliwa kusimamia taka za mtaa akapewa viwanja vya ndege. Juni 2011 mzee akapeleka bungeni pendekezo la kuchagua rais na makamu kwa tiketi moja, watu wakaona wazi kiti hicho kinaandaliwa nani, wakajaa barabarani tarehe 23 mpaka akaliondoa. 2012 wakamwondoa na yeye.

Kwa hiyo kipimo changu cha jana nakirekebisha hadharani, kama yule kijana na hesabu yake. Usiulize tu kama aliambiwa hapana. Uliza baada ya hapana, nani alimfungulia mlango wa nyuma, na je huo mlango huwa unafunguliwa kwa wengine.

---

Kifungu kwa Kifungu

Hapo nakuunga mkono, ila usiwatakase wapiga kura. Mauritius ni nchi ya uchaguzi wa kweli, serikali zinaanguka na kuondoka bila risasi. Tangu uhuru 1968 mawaziri wakuu wote wametoka familia mbili, Ramgoolam na Jugnauth, isipokuwa Paul Bérenger aliyekaa 2003 hadi 2005. Januari 2017 Anerood Jugnauth alijiuzulu akamwachia mwanawe Pravind kiti bila uchaguzi, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye foleni. Novemba 2024 wananchi walipokasirika na kumfagia Pravind, walimweka nani? Navin Ramgoolam, mtoto wa waziri mkuu wa kwanza, naye ana udaktari na uanasheria vyote viwili. Kwa vyeti huwezi kumgusa. Wananchi walikuwa na hasira kweli, na hasira yote ile ikaenda mpaka nyumba ya pili ikagonga hodi.

Kisha kuna wale ambao hata hodi haikupigwa. Togo, Februari 2005, Rais Eyadéma kafariki, jeshi likamweka mwanawe Faure siku ile ile na kesho yake Bunge likarekebisha Katiba iendane naye. Majirani wa Afrika Magharibi wakabana, akajiuzulu kabla mwezi haujaisha. Aprili wakafanya uchaguzi, akarudi. Ana uzamili wa biashara kutoka Marekani. Baba na mwana, tangu 1967.

---

Bado Naomba

Swali kwa Karani. Yule dada wa tatu, mwenye mpira wa bendi, aliishia wapi? Na yule kijana je? Sisi wa usaili mara tisa tunataka kujua.

---

Karani Mstaafu

Dada sikumwona tena. Barua yake ya "tunasikitika kukujulisha" niliichapa mimi. Nilitaka kuongeza sentensi moja kwamba alifanya vizuri sana. Sikuongeza, kwa sababu barua zile zilikuwa na muundo wake. Kama yumo humu, dada, ulifanya vizuri sana.

Kijana alifanya kazi, na aliifanya. Wenzake walimpenda. Lakini kila alipopandishwa cheo, watu walikuwa wanatazamana, na yeye alikuwa anawaona wakitazamana. Mara mbili nilisikia amekataa safari ya nje iliyokuwa haki yake, akapewa mwingine.

Siku nilipoagwa kustaafu alikuja mwishoni kabisa, viti vinakunjwa. Akanipa mkono, hakuuachia. Akaniuliza, "Mzee, siku ile ya usaili wangu, wale wenzangu sita nao mliwaandikia kwa penseli?"

Kumbe aliiona. Alikuwa amekaa mbele ya wanaume watano wenye penseli zilizochongwa upya, vumbi la mbao bado liko mezani, na akapiga hesabu ya bajeti vile vile.

Nikamwambia sikumbuki, ni zamani. Akanitazama kidogo.

"Nilipata ngapi ile ya kwanza?"

Hilo nilimjibu kweli, kwamba fomu zile hazikupita mikononi mwangu. Akaachia mkono, akanisaidia kubeba zawadi mpaka kwenye gari.